Shingo ya Twiga

Sogeza kiti, wewe wa rika langu, wewe uliyekulia kwenye ghorofa ambazo jua liliingia ndani nusu saa tu kwa siku. Nataka nikueleze habari za twiga mmoja, na sitaharakisha, kwa sababu kuna mambo ya kuta ambayo inafaa uyajue kwanza. Usiogope, si magumu. Baba yangu alinifundisha nikiwa darasa la tano. Siku hizi mimi huwafundisha vijana wa mwaka wa kwanza chuoni somo la kuwafungulia mlango wa sanaa na majengo ya dunia nzima, na bado sijapata njia ya kulieleza iliyo bora kuliko yake.

Wiki iliyopita, mimi na dada yangu Njeri tulifungua sanduku la vyombo vya Baba. Yeye hayupo tena, na mtu lazima afungue. Tulikuta mwiko wake wa kupigia plasta, brashi tatu zilizokauka kama mifupa, na ovaroli aliyoikunja mwenyewe kabla ya kulazwa. Nilipoikunjua, harufu ya simiti nyeupe na rangi ya maji ikapanda. Miaka yote hiyo, na bado ilikuwa mbichi. Njeri aliinuka akatoka nje. Sikumfuata. Nilijua alikoenda, kwa maana harufu ile ilikuwa imenipeleka mimi pia huko huko: mtaa wa Kware, kwenye ngazi za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Ploti ile ilikuwa na ghorofa saba. Sisi tulikaa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Jengo la jirani lilikuwa karibu sana, hata Mama aliweza kupokea kiberiti kutoka dirisha la ng'ambo bila kunyoosha mkono wote. Mama alifanya kazi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, akipakia sabuni kwenye katoni, na nguo zake zilinukia sabuni hata zikiwa chafu. Baba alikuwa fundi wa plasta na rangi. Wenye nyumba wa mtaa wa Buruburu walimwita karibu na Krismasi awapakie rangi sebuleni, na ni kwenye nyumba moja ya huko alikopewa kitabu. Mwalimu mstaafu alikuwa anahama, akamwambia achukue chochote kwenye rundo la takataka. Wengine wangechukua sufuria. Baba alichukua kitabu kikubwa cha picha za majengo na michoro ya dunia, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukuwahi kujua kinaitwaje. Sisi tulikiita Kitabu.

Jumapili baada ya kanisa alikifungua juu ya kitanda, nami nikalala kifudifudi kando yake. Hakuniuliza kama picha ilikuwa nzuri. Alikuwa na swali moja tu.

"Haya, Nekesa. Mawe yote haya. Uzito unaenda wapi?"

"Chini."

"Chini unafika aje? Nionyeshe na kidole. Usiruke."

Nilianzia kilele cha piramidi ya Misri nikateremka polepole, jiwe kwa jiwe, kidole kikienda pembeni kila hatua, mpaka nikafika mchangani. "Sasa umeona kwa nini imekaa miaka yote hiyo," alisema. "Imekalia makalio mapana." Mama alicheka nyuma ya pazia. Tulipitia ukuta mkubwa wa Zimbabwe, uliopangwa mawe bila simiti hata kijiko kimoja, mnene chini na mwembamba juu. Tulipitia kanisa la mawe la Ufaransa lenye miguu nje kama buibui, na Baba akanieleza kwamba miguu ile ilikuwa inausukuma ukuta urudi ndani, maana paa lilikuwa linausukuma nje mchana na usiku bila kupumzika. Kulikuwa na hekalu la mbao la Japani, ambalo yeye alilishangaa kwa sababu viungo vyake viliachwa vicheze kidogo ardhi ikitikisika. Kulikuwa na nyumba za Lamu, kuta za mawe ya matumbawe nene kama urefu wa mkono wangu, zikiwa na vishubaka vya kuwekea vyombo. "Kila mahali," alisema, "watu ni wale wale. Wanataka kitu kikae juu, na dunia inataka kikae chini. Fundi anakaa hapo katikati akibembeleza."

Lakini ukurasa alioupenda kuliko yote ulikuwa wa msikiti wa udongo wa huko Mali, mkubwa kama mlima, wenye vijiti vya mbao vilivyotokeza nje kila upande. Alinieleza kwamba mvua huula, na kwa hiyo kila mwaka mji mzima hutoka, watoto wakikanyaga udongo, vijana wakipanda juu ya vile vijiti na vikapu, na msikiti wote hupakwa upya kwa siku moja, kwa nyimbo. Nilimwomba anisomee maelezo yale mara nyingi mpaka nikayajua kwa moyo. Nikajiwekea kanuni yangu moyoni: jengo linalopendwa hupakwa.

Kwa hiyo utaelewa nilivyofurahi msimamizi wa ploti, Bwana Githinji, alipobisha mlango wetu.

"Fundi, sasa?" alisema. Alikuwa mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, na tulimsikia kabla ya kumwona. "Kuna mikwaruzo kidogo hapo kwa ngazi. Wapangaji wameanza midomo. Unaweza kunipakia?"

Baba alitoka akaangalia, mimi nyuma yake. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, ukipanda ukutani kwa vipande vipande, kama ngazi ndogo ya panya.

"Hii ni plasta imepasuka ama ni ukuta?" Baba aliuliza.

"Ni plasta. Mwenye ploti amesema ni plasta."

"Yeye ameiona?"

"Fundi, wewe paka tu. Kwani unataka kumfanyia mtihani?"

Baba aliuweka ukucha wake ndani ya ufa, akauacha hapo kwa muda. Kisha akaenda kuchukua mwiko. Alipaka ngazi zile jioni mbili. Wapangaji walipita wakimsalimia, wakauliza, naye akajibu alivyoambiwa: ni plasta tu. Hata Mama Njeri alimwuliza. Huyu alikuwa fundi wa nguo aliyekuwa na duka dogo la cherehani pale chini kabisa, kando ya lango, na yeye na binti yake wa pekee walilala humo humo nyuma ya rafu za vitambaa. Wakati ule Njeri hakuwa dada yangu bado; alikuwa rafiki yangu kuliko wote. "Ni plasta, Mama Njeri," Baba alimwambia. "Shona bila wasiwasi." Nakumbuka alivyolisema. Alilisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu.

Mimi shuleni niliwatangazia wenzangu kwamba ploti yetu ilikuwa kama msikiti wa Mali. Hakuna aliyenielewa, lakini nilijivuna hivyo hivyo.

Baada ya hapo nyumba ilianza kutuchezea, na sisi watoto tulifurahi. Ukiweka banu, ile gololi ya kioo, sakafuni kwetu, ilijiviringisha yenyewe mpaka pembe ya dirishani, haraka zaidi kila wiki. Tulishindanisha banu zetu bila kuzisukuma. Mlango wa choo cha pamoja ulikataa kufunga, na mlango wetu nao ukawa unasugua sakafu. Mama alisema umenuna, ni mvua imeuvimbisha. Baba akaupiga randa ukafunga, na baada ya siku chache ukanuna tena. Wakati mwingine mchanga mwembamba ulidondoka kutoka darini ukaingia chaini, nasi tukaulaumu mguu wa mpangaji wa juu. Na kulikuwa na sauti, tik, ndani ya ukuta karibu na kichwa changu nilipokuwa nafanya kazi ya shule. Nilimwambia Njeri kuna mjusi anayejenga humo ndani. Njeri aliweka sikio akasikiliza. "Huyo mjusi ako na nyundo," alisema.

Jumapili moja Kitabu kilifunguka penye mnara mweupe wa Italia ulioinama, ule unaojulikana. Nilisubiri swali. Baba aliufungua ukurasa uliofuata bila kuniuliza chochote, akasema kichwa kinamuuma.

Siku ile alisimama kwenye ukurasa wa mapango. Alinieleza kwamba wachoraji wa kale, kabla ya nyumba yoyote kujengwa, waliingia ndani ya pango na taa za mafuta ya wanyama, wakaupapasa mwamba. Penye uvimbe waliona tumbo la fahali, penye ufa wakaona mgongo wa farasi. Walichora yale ambayo mwamba ulikuwa umeshayaanza. Baadhi ya watu, alisema, hudhani walikuwa wanawaita wanyama wale waje. Sikusikia mengine yote. Nilikuwa nimeshajua ninachotaka kufanya.

Kando ya plasta mpya ya Baba kulikuwa kumetokea ufa mwingine, pale ngazi zinapokata kona, penye matofali ya matundu yanayoingiza mwanga. Bwana Githinji alikuwa amepiga marufuku kuchora ukutani, lakini kwenye kona ile palikuwa na pipa la maji la mtu, nasi watoto tulijua kujipenyeza nyuma yake. Siku hiyo hiyo nilichukua makaa ya jiko na mabaki ya rangi ya manjano ya Baba ndani ya kopo la majarini. Njeri alisimama zamu. Ufa ulipita ukutani kwa mshazari, na nikaona mara moja kwamba ni mstari wa vichaka mbele ya twiga. Nilimchora mwili chini ya ufa, shingo ikiuvuka, kichwa juu yake, kikila majani.

Njeri alikuja kukagua. "Hiyo ni twiga ama ni mbuzi imevutwa shingo?"

"Ni twiga."

"Sawa, msanii. Lakini macho umeipiga fiti. Inaniangalia."

Jumapili iliyofuata tulijipenyeza tena kumwona. Njeri ndiye aliyetangulia, na Njeri ndiye aliyesema.

"Nekesa. Twiga yako imevunjika shingo."

Ilikuwa kweli. Mistari miwili ya shingo niliyoichora ikivuka ufa sasa haikukutana. Sehemu ya juu ilikuwa imesogea upande wa kushoto, kiasi cha unene wa penseli. Nilisimama pale na mwili ukinisisimka kwa furaha. Nilidhani ameanza kugeuza kichwa. Nilidhani nimemwita na amesikia, kama wale fahali wa mapangoni. Nikachukua makaa, nikaiunganisha shingo upya kwa mstari wenye kijikona kidogo, ili asiumie.

Jumapili ya pili nilikuta imeachana tena. Niliiunganisha. Jumapili ya tatu vivyo hivyo, na safari hii ilinibidi nichore kipande kizima cha shingo kujaza nafasi, na kidole changu kidogo kiliingia ufani mpaka kwenye kucha. Ndani palikuwa na ubaridi. Upepo mwembamba ulinipuliza kidole kutoka mahali ambapo hapakupaswa kuwa na upepo. Nilikitoa haraka. Sikumwambia Baba, kwa sababu kuchora ngazini kulikatazwa, na kwa sababu, nikikuambia ukweli wote, sikutaka mtu mzima aje anieleze jambo ambalo lingemwondolea twiga wangu uhai.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, Bwana Githinji alikuwa anatusubiri langoni. Alikuwa na mfuko wa simiti nyeupe begani na hakutania.

"Fundi, nipakie kutoka chini mpaka ya nne. Leo. Wakaguzi wanapita Jumanne, na shule zinafunguliwa siku hiyo hiyo, watu watakuwa wengi kwa ngazi. Isionekane hata laini moja ya ufa."

Baba alivaa ovaroli. Alichanganya simiti kwenye karai, akaanza chini akipanda. Mimi nilikaa kwenye ngazi juu yake, nikihesabu hatua zilizobaki kufika kwenye pipa. Alipofika, wakalivuta pembeni yeye na Bwana Githinji. Twiga akatokea kwenye mwanga wa matofali ya matundu.

"Ni nani huyu mjinga?" Bwana Githinji alisema.

Baba alisogea karibu. Alichutama. Alimtazama twiga kama alivyotazama picha za Kitabu, akianzia juu. Kidole chake kilishuka kutoka masikioni, kikapita macho, kikafika shingoni, kikasimama. Kikaenda pembeni, kikasimama. Kikaenda pembeni tena.

"Nekesa."

"Baba."

"Umechora wewe?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Mstari huu ulichora lini?"

Nilimwambia. Alionyesha kiungo cha kwanza, nikamwambia Jumapili ya baada ya pale. Alionyesha cha pili na cha tatu. Sauti yake haikupanda. Aliniuliza kila swali kama tulivyokuwa kitandani, kwa subira, mpaka akapata Jumapili zote nne, moja baada ya nyingine, zimeandikwa ukutani kwa mkono wangu. Cha kwanza kilikuwa unene wa penseli. Cha pili, penseli mbili. Cha tatu kilikuwa zaidi ya vyote viwili vikijumlishwa. Na pale nilipokuwa nimejaza wiki iliyopita palikuwa pameachana tena, na pengo lile lilimeza ncha ya mwiko wake.

"Mtoto wangu," alisema polepole, "twiga hajasogea. Ukuta wa juu umesogea."

"Fundi," Bwana Githinji alisema, "hii ni maonyesho ama ni kazi? Paka."

Baba aliuweka mwiko ndani ya karai. Simiti ilikuwa bado mbichi. Aliuacha humo.

"Sipaki. Githinji, toa watu."

"Nitoe watu kwa sababu ya mchoro ya mtoto?"

"Mtoto hajui kudanganya na mstari. Mimi ndiye niliyedanganya."

Msimamizi alimwambia kwamba akianza kuwatisha wapangaji, ahame yeye leo hii, na asirudi kutafuta kazi kwenye ploti yoyote ya tajiri yule mwenye jengo. Funguo zake zilikuwa zinalia kiunoni. Baba alipanda ngazi mpaka ya saba, akaanza kubisha.

Nimefundisha vyumba vingi vya wanafunzi tangu wakati ule, na sijawahi kumwona mtu akifundisha kama Baba alivyofundisha siku ile. Aliwaleta kwenye kona wawili wawili, watatu watatu, wamama wenye vitambaa vya kupikia mabegani, vijana waliotolewa kwenye mpira wa televisheni. Aliwaeleza kwa maneno mepesi: hapa ndipo mtoto alipochora shingo nzima, hapa akairekebisha, hapa tena. Aliwashika vidole, akaviingiza kwenye ufa wajisikilizie ule upepo. Aliwaeleza kwamba jengo lile, walivyomwambia mafundi walioliwekea msingi, lilipangiwa ghorofa nne, na juu yake zikapandishwa tatu. "Sasa niambie mwenyewe," alimwuliza kila mmoja. "Uzito unaenda wapi?"

Kijana mmoja alicheka. "Buda, kwani ni safari ya mbuga?" Lakini alipotoa kidole hakucheka tena. Nilimwona baadaye akishuka na godoro kichwani.

Kufikia saa kumi na moja ngazi zilijaa watu wakishuka na magodoro, majiko, runinga zilizofungwa kwa shuka. Wengine walisema wanakwenda kwa jamaa siku mbili waone. Kila mguu uliposhuka nilisikia lile tik, na mara ile nilijua si mjusi.

Mama Njeri alikuwa cherehanini. Alikuwa na sare za shule zimerundikana mpaka mabegani mwake, samawati na nyeupe, za watoto waliozihitaji Jumanne.

"Mama Njeri, tutakubebea mashine," Baba alimwambia. "Sisi wanaume watatu. Twende kwa kanisa mpaka tuone."

Hakusimamisha mguu. "Baba Nekesa, si ni wewe ulisimama hapa hapa ukaniambia ni plasta? Miezi miwili haijaisha."

"Ni mimi."

"Ukaniambia nishone bila wasiwasi."

"Nilikosea. Nilijua kuna neno, nikanyamaza."

"Sasa nikuamini wewe gani? Yule wa siku ile ama huyu wa leo?" Hakuwa na hasira. Aliuma uzi kwa meno. "Hizi nguo ni za watoto wa watu. Wacha nimalize kesho adhuhuri, nitakuja. Huko kanisani hakuna taa ya kushonea."

Baba alisimama mlangoni, akamtazama Njeri. 

"Nipe Njeri, basi," alisema. "Alale na Nekesa."

"Huyo chukua. Ananisumbua na masimulizi ya mjusi." Akamrekebisha Njeri kola, akamwambia asiende kumaliza chakula cha watu, akarudi kwenye cherehani. Tulipofika langoni bado niliisikia, mfululizo, bila kukatika.

Kesho yake Mama alikwenda kiwandani, na Baba alirudi kumbembeleza Mama Njeri. Mimi na Njeri tulikuwa tunacheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, kwenye uwanja wa kanisa pamoja na watoto wengine wa ploti. Ilikuwa kabla ya saa nne. Kwanza muziki ulinyamaza. Kware haikuwahi kukosa muziki, kutoka kila dirisha, na mara ile upande wetu wote ukanyamaza kwa pamoja. Kisha kukasikika sauti isiyo kubwa kama ungefikiria, kama lori linalomwaga kokoto mbali. Kisha vumbi jeupe likapanda juu ya mapaa na kubaki hapo, halitawanyiki.

Waliokuwepo walisema jengo halikuanguka. Lilipiga magoti. Ghorofa ya chini iliingia ardhini, na ya kwanza ikaja ikakaa mahali pake, na madirisha yake yakawa usawa wa macho ya watu waliosimama barabarani. Baba alikuwa bado barabarani; Bwana Githinji alikuwa langoni, akaponea na mguu uliovunjika. Zaidi ya watu themanini walikuwa wamelala kwingine usiku ule kwa sababu ya shingo ya twiga. Mtu mmoja alikuwa ndani, cherehanini.

Baba alirudi kanisani mchana, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Njeri alimkimbilia. Mimi nilibaki nimesimama nikimtazama, na nitakuambia nilichodhani, kwa sababu ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Nilidhani ametoka kazini.

Njeri hakuwa na pa kurudi. Tulihamia Baba Dogo, vyumba viwili vya chini, na akawa dada yangu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nakwenda chuoni kusomea mambo haya haya, nilimwambia Baba kile nilichokuwa nimekificha: kwamba nilikuwa nimeuona ufa ukisogea Jumapili tatu, na kila mara niliufunika kwa mkono wangu. Kwamba kama ningeiacha shingo ya kwanza ilivyovunjika, yeye angeiona mapema, au Njeri angemwambia mama yake. Aliacha alichokuwa anafanya. "Wewe ulichora, Nekesa," alisema. "Mimi nilipaka." Hakuwahi kupaka plasta juu ya ufa tena, hata Buruburu, hata walipomfukuza kazini. Siku ile alifungua Kitabu mpaka penye msikiti wa Mali, akanionyesha wale watu juu ya vijiti. Hawa, alisema, wanaupanda wote kila mwaka na kuushika kwa mikono. Wakikuta umechoka mahali, mji mzima unajua siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeuelewa ukurasa ule vibaya tangu utotoni.

Wiki iliyopita, Njeri alipotoka nje na kuniacha na ovaroli, hatimaye nilimfuata. Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba yake.

"Ilikuwa mbaya sana, ile twiga," alisema.

"Ilikuwa mbuzi," nilimwambia.

Alicheka kidogo, akapangusa pua. Kisha akanivuta jikoni, akainua kalenda juu ya dirisha. Nyuma yake palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na mstari wa penseli ulionyooka ukiuvuka, na kando yake siku, kwa mwandiko wake mdogo. Alinionyesha mwingine nyuma ya kabati, na mwingine chooni. Amefanya hivyo katika kila nyumba aliyopanga, na wala sikuwa najua. Mistari yote ilikuwa bado imenyooka. Tuliitazama mmoja mmoja, tukarudisha kalenda.

Kwa hiyo, leo ukifika nyumbani, chukua penseli na rula. Tafuta ufa, chora mstari mmoja mnyoofu unaouvuka, uandike tarehe kando yake. Utazame Jumapili ijayo, na Jumapili ya baada ya hapo. Ukiukuta umeachana, usiuunganishe. Bisha mlango wa jirani, umwonyeshe, mtoke.